Bango Bila Daftari

Mjadala wa baraza moja la Kunduchi: mabango ya sinema ya zamani yauzwe, yakabidhiwe makumbusho, au yabaki yalipo?

Ukishuka kutoka Mtongani kuelekea pwani ya Kunduchi, harufu ya samaki inakupokea kabla hujaiona bahari. Pembeni, kwenye mibuyu, yako magofu: msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Waliojenga makaburi yale walipachika kwenye nguzo bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Leo ukipapasa nguzo, vidole vinatumbukia kwenye vishimo vya duara. Bakuli lilikuwa hapo. Nani alilibandua, mwaka gani, likaishia kabatini kwa nani, nguzo haina la kukujibu.

Vishimo hivyo hunijia kila nikisikia watu wakibishana juu ya mabango ya sinema ya zamani. Dar es Salaam ilikuwa mji wa sinema. Kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994, jioni ya mtu wa mjini ilikuwa Empire, Avalon, Empress, Odeon au New Chox, na mwenye gari, au mwenye rafiki mwenye gari, alikwenda Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Kumbi zimefungwa au zimegeuzwa kazi nyingine. Pale Drive-In leo pana Ubalozi wa Marekani, na kilichobaki ni jina la mahali. Mabango yaliyowaita watu kwenye kumbi hizo yamesalia kwa wachache, kwenye masanduku na chini ya magodoro, na hao wachache wanazeeka.

Mjadala huu nimeupanga kama mazungumzo ya barazani, kwa sauti nne ambazo hazikosi kugongana jambo hili linapozuka. Majina nimeyaacha, hoja ndizo zenye uzito. MZEE alikuwa mbandika mabango mjini, na sanduku ni lake. MJUKUU anaishi naye, anafanya biashara ya simu na vifaa vyake. MWALIMU anafundisha historia sekondari. BIBI ni jirani, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Dar es Salaam zamani.

Karatasi ya wiki mbili

MZEE: Kazi niliianza mwaka 1971. Baiskeli, ngazi fupi, brashi, na ndoo ya uji wa ngano uliotiwa shabu kidogo ili wadudu wasiule. Filamu ikibadilika, bango nalo linabadilika. La leo unalibandika juu ya la jana, mpaka ukuta unanenepa. Yaliyozidi, yaliyokosa ukuta, niliambiwa nichome moto. Sikuchoma. Nikayapeleka nyumbani Magomeni, na tulipohamia huku Kunduchi, sanduku la bati lilipakiwa kwenye gari kabla ya kitanda.

MJUKUU: Babu, nakuheshimu wewe na sanduku lako. Lakini yale mabango yalitengenezwa yaishi wiki mbili. Yamekaa miaka hamsini. Nyumba iko karibu na bahari, hewa ni ya chumvi, na masika yakifika bati linatoa jasho. Tulipolifungua mara ya mwisho, matatu yalikuwa na madoa ya ukungu na moja mchwa wamelila pembeni. Wewe unasema unayatunza. Mimi naona tunayasindikiza.

MZEE: Ndiyo maana nayageuza kila mwezi.

MWALIMU: Shikamoo, Mzee. Niruhusu niingie hapo kwenye neno la wiki mbili. Kitu kutengenezwa kwa muda mfupi hakukifanyi kikose thamani ya kudumu. Iko filamu ya Marekani ya mwaka 1927, *London After Midnight*. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliungua kwenye ghala la studio miaka ya 1960. Hakuna aliye hai leo anayeweza kuitazama. Lakini bango lake lipo, na mwaka 2014 liliuzwa kwa dola 478,000. Filamu imekufa, karatasi iliyoitangaza imebaki kuwa shahidi.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Sikiliza, mjukuu wangu.

MWALIMU: Na sisi tunao mfano wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili. Mojawapo iliitwa *Muhogo Mchungu*. Aliyeigiza nafasi kuu alikuwa kijana mmoja mfanyakazi wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa. Miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Wanafunzi wangu wanamjua Kawawa wa siasa. Nikiwaambia aliwahi kuwa nyota wa sinema, wananitazama kama natunga hadithi. Leo nikipata bango la filamu ile, hata lililochanika, naliweka ubaoni, na somo zima limekaa mle ndani: ukoloni, mji, ajira, na jinsi mtu anavyojulikana kwa watu kabla hajaomba kura.

MZEE: Hilo sinalo. Miaka yote nimelitafuta, sijakutana nalo.

MWALIMU: Basi hicho ni kimojawapo cha vishimo vyetu, Mzee.

Bei ya kumbukumbu

MJUKUU: Tuongee fedha, maana ndiyo inayoogopwa. Mwaka 2005 bango la filamu ya Kijerumani *Metropolis* liliuzwa dola 690,000. Sisemi sanduku letu lina kitu kama hicho. Lakini lina bango la *Hatari!*, filamu ya John Wayne iliyopigwa huku kwetu, maeneo ya Arusha, mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961. Jina lenyewe ni Kiswahili. Wakusanyaji wa nje wanalitafuta. Babu anadaiwa dawa za presha, paa linavuja. Kuna ubaya gani mtu akauza karatasi akaezeka nyumba?

MZEE: Lile si karatasi tu. Filamu yake ilipigwa Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, ikatoka mwaka 1962 tukiwa tumeshapata uhuru. Nilibandika nakala yake wakati filamu iliporudishwa mjini. Watu walisimama barabarani wakimwonyesha mzungu wa kwenye picha na kusema: hapo ni kwetu.

MJUKUU: Na watabaki wakisema hata likiwa Chicago.

MZEE: Nani atawaambia?

MWALIMU: Mjukuu, tazama Ghana. Miaka ya 1980 na 1990 wenye video za kutembeza walikuwa wakizunguka mijini na vijijini na jenereta. Wachoraji waliwachorea mabango kwa mkono, juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Kazi za ajabu: nyoka wenye vichwa vitatu, damu, misuli. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wakazipenda, wakazinunua, vikachapishwa vitabu, zikatundikwa kwenye majumba ya sanaa. Wachoraji wakapata kipato, nami siwalaumu hata kidogo. Lakini magunia yale yaliyopigwa jua na mvua za Ghana, mengi leo yako ng'ambo. Mtoto wa Accra akitaka kuona mji wake ulivyojitangazia sinema, njia rahisi ni kufungua kitabu kilichochapishwa Marekani.

MJUKUU: Bila wale wanunuzi, magunia yangeoza, Mwalimu. Hilo nalo useme. Aliyeyanunua ndiye aliyeyaokoa.

MWALIMU: Nalisema, na ni kweli. Linaniuma kwa sababu ni kweli.

MJUKUU: Basi sheria iko wapi? Kama ni urithi, si ingenizuia?

MWALIMU: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Nguzo za makaburi pale magofuni zimo. Sanduku la babu yako halimo. Mbele ya sheria hiyo, bango la mwaka 1957 ni kama gazeti la jana. Kwa hiyo hapa hatuna polisi wa kutusaidia, Mjukuu. Tuna dhamiri tu.

Nani mtunzaji?

MWALIMU: Ndiyo sababu naomba yatolewe nyumbani. Yapelekwe Makumbusho ya Taifa, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa. Mahali penye sakafu kavu na watu waliosomea kazi. Mzee, wewe ukiondoka, Mungu akupe umri mrefu, sanduku litakuwa la nani?

MZEE: Mwalimu, nakuheshimu, lakini umesahau Beit al-Ajaib ya Unguja? Jumba la sultani, makumbusho, urithi wa dunia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka mchana kweupe, watu wawili wakafa. Kama jumba lile lilishindwa kulindwa, karatasi zangu nimkabidhi nani? Nitapewa risiti, nitaambiwa asante, kisha yatawekwa kwenye chumba chenye kufuli, na siku nikienda kuyaona nitaulizwa barua ya utambulisho. Hapa kwangu akija mtoto wa jirani, namfungulia.

MWALIMU: Na akija mchwa?

MZEE: *(kimya)*

MWALIMU: Sikusudii kukuvunjia heshima, Mzee. Ila upendo peke yake hauzuii ukungu. Karatasi ile ni ya bei nafuu, imetokana na miti iliyosagwa, ina asidi ndani yake. Mwanga unaigeuza rangi ya chai, na unyevu unaioza. Ukibandika selotepu leo, baada ya miaka kumi gundi yake itakuwa doa la kahawia lisilotoka. Ukiipeleka duka la steshenari wakailaminishe kwa plastiki, umeiua, maana ile plastiki haibanduki tena. Yataka kulazwa bapa, gizani, juu ya rafu isiyogusa sakafu wala ukuta, karatasi safi isiyo na asidi ikitenganisha moja na jingine, na hewa ipite.

MZEE: Hayo mbona ninayaweza?

MWALIMU: Unayaweza. Na nitakwambia jambo litakalokufurahisha. Mafundi wa hifadhi wanapoliokoa bango lililochanika, hulibandika juu ya kitambaa na karatasi nyembamba ya Kijapani kwa uji wa wanga wa ngano, kwa sababu uji huo ukiloweshwa maji unaachia, karatasi haidhuriki.

MZEE: Uji wa ngano! Ndoo yangu ile ile.

MWALIMU: Ndoo yako ile ile, Mzee. Bila shabu.

BIBI: Mnaongea karatasi na uji muda wote huu. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa akizitazama hizo picha.

Ubao wa chaki

MJUKUU: Bibi kanitangulia, nami nataka kuuliza swali la namna hiyo. Kila nikisikia urithi wa sinema, nasikia John Wayne na Wahindi. Mimi nilizaliwa kumbi zenu zimekufa. Sinema yangu ilikuwa kibanda umiza, hapa hapa Mtongani: mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, joto, na sauti ya Lufufu akituhadithia kwa Kiswahili filamu ya Kichina juu ya kelele zake. Bango letu lilikuwa ubao wa chaki umeegemezwa mlangoni. Leo saa nane hii, saa kumi ile, usiku mpira. Ukifutwa, umefutwa. Nani aliupiga picha?

MZEE: Ule si bango.

MJUKUU: Kwa nini, Babu? Si uliwaita watu waingie? Halafu zikaja Bongo Movie. *Girlfriend* mwaka 2003, kisha waigizaji kina Kanumba na kina Ray, na kava za VCD Kariakoo zimetundikwa dukani kutoka dari mpaka sakafuni. Alipofariki Kanumba, Aprili 2012, Leaders Club palifurika watu mpaka barabarani. Mama yangu alilia kama amefiwa na mdogo wake. Kava zile leo ziko wapi? Tulifungia karanga. Nyinyi mnagombania dola za filamu za watu, na hizi zilizotengenezwa Sinza na Kinondoni, kwa lugha yetu, zinapotea mbele ya macho yetu.

MZEE: Kava dogo lile, limechapwa vibaya, sura zimekatwa na kubandikwa...

BIBI: Mzee mwenzangu, hayo maneno ndiyo tuliyoambiwa sisi. Wazee wetu walisema picha za Kihindi ni upuuzi, zinaharibu watoto. Mcheza kwao hutunzwa. Kama wewe ulikataa kuchoma za Bombay, usimwambie mtoto achome za Kinondoni.

MZEE: Umenishika, dada yangu. Nimekosea.

Mgongo wa bango

BIBI: Mie niletee lile la mwanamke mwenye jembe.

*(Mjukuu analitoa. Ni la* Mother India*, filamu ya mwaka 1957. Limekunjwa mara nyingi, na kwenye misalaba ya mikunjo rangi imebanduka, weupe wa karatasi unaonekana. Katikati mwigizaji Nargis amebeba jembe la kukokotwa begani, uso ameuinua juu, shingo imekaza. Chini kuna kipande cha karatasi ya kijani kilichobandikwa baadaye, kimeandikwa kwa mkono: LEO SAA 3 USIKU.)*

MZEE: Hiyo kijani ni hati yangu mimi. Iliporudishwa Avalon.

BIBI: Mie niliiona Unguja, Majestic. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikwenda zanana, onyesho la mchana la wanawake tupu, maana usiku baba asingeturuhusu. Mabuibui, watoto mapajani, bisi, na manukato mpaka kichwa kinauma. Ikafika pale mama anaposhika bunduki akampiga risasi mwanawe wa kumzaa, kwa sababu kijana amemteka binti wa watu siku ya harusi. Ukumbi mzima kimya. Hata watoto wachanga, nakuapieni, kama walielewa. Halafu tukatoka nje, na ugomvi ukaanza hapo hapo Vuga. Mama yangu anasema: haki ni haki, hata kwa mwanao. Shangazi anasema: hakuna mama wa namna hiyo, huo ni uongo wa picha. Tulibishana njia nzima mpaka Malindi. Shangazi hakusema na mama siku mbili.

MWALIMU: Bibi, hayo yameandikwa wapi?

BIBI: Yaandikwe wapi, mwanangu? Umeniuliza leo.

MWALIMU: Mjukuu, nipe penseli. Si kalamu, wino unapenya. Penseli laini.

MJUKUU: Tuandike juu yake? Si litashuka bei?

MZEE: Andika kwenye karatasi safi, Mwalimu, ikae nalo. Na mgongoni tia namba tu na mistari michache, pale pembeni. Bei ni juu yangu.

Neno la mwandishi

Nimezisikiliza sauti hizi nne kwa muda mrefu, na sioni mmoja wao ambaye hana haki. Paa linalovuja ni kweli. Chumba chenye kufuli ni kweli. Mchwa ni kweli. Kava zilizofungiwa karanga ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu waliotengeneza filamu zile wengi wako hai na tungeweza kuwauliza leo.

Ila naona wote, isipokuwa Bibi, walianza na swali la pili. Walibishana kuhusu nani ashike karatasi kabla ya kuuliza kama karatasi ina habari zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi tumelichukua neno hilo kuwa la wafanyabiashara. Mimi nalichukua kuwa sheria ya kwanza ya mkusanyaji. Vishimo vya magofu ya Kunduchi vingekuwa na maumivu madogo kama mtu mmoja tu, kabla ya bakuli la kwanza kung'olewa, angechora nguzo ilivyo na kuandika: hili lilikuwa hapa, kwenye kaburi la fulani. Bakuli lingeweza kwenda mbali, na bado tungejua limetoka wapi.

Kwa hiyo nawaomba wenye masanduku, popote walipo, kutoka Temeke mpaka Tanga, wafanye kazi hii kabla ya kumuuzia au kumkabidhi mtu yeyote. Lipige picha kila bango mchana, kivulini, mbele na nyuma, simu ya kawaida inatosha. Lipe namba. Pima urefu na upana. Mabango mengi ya Marekani ya miaka ile yalikuwa takriban sentimita 69 kwa 104 na yalisafirishwa yamekunjwa. Mikunjo ile ni sehemu ya ushahidi wake, usiipige pasi. Andika lilitoka ukumbi gani na lilikufikiaje. Kisha mwite aliyeiona filamu hiyo, umwache aseme, uandike alivyosema. Nakala moja ibaki kwako, moja ipelekwe maktaba. Vivyo hivyo kwa kava la Bongo Movie na kwa ubao wa chaki wa kibanda kilichosalia mtaani kwako.

Ukishamaliza hapo, Mzee anaweza kuuza moja akaezeka nyumba, na sitamnyooshea kidole, mradi lisiwe nakala ya pekee aliyonayo. Anaweza kuyakabidhi makumbusho, na Mwalimu atakuwa na haki ya kwenda kuyadai yaonyeshwe, maana orodha anayo mkononi. Anaweza kumwachia Mjukuu, ambaye ameanza kuuliza wauzaji wa Kariakoo kama bado wana kava za zamani ghalani. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni bango kutoka mlangoni, kwenda Chicago au kwenda jalalani, likiwa halijaulizwa lolote.

Sanduku la bati sasa limeinuliwa juu ya matofali manne, mbali na ukuta. Juu yake liko daftari la shule la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una namba 1, jina la filamu, vipimo, neno Avalon kwa hati ya Mzee, na chini yake mistari ya Mwalimu: "Unguja, Majestic, zanana. Tulitoka tukibishana mpaka Malindi, mama anaweza kumpiga risasi mwanawe? Mama alisema ndiyo. Shangazi alisema hapana."